Sokoni Valencia, kwanza uliza nani wa mwisho

Swali: Mume wangu anakimbia marathoni ya Valencia mwanzoni mwa Desemba 2026, nami namsindikiza. Tunafika Alhamisi asubuhi na kuondoka Jumanne, na tumepanga nyumba yenye jiko. Kila mtu ananiambia nisikose soko la chakula la Kihispania, kisha mwingine anasema masoko yale siku hizi ni ya watalii kupiga picha. Sijui Kihispania, mimi ni Mwislamu, na picha zote ninazoziona ni za mapaja ya nguruwe yananing'inia. Je, kuna la maana kwa mtu kama mimi? Bei inapatanwa? Na naweza kurudi na nini nyumbani? (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, lipo la maana, na kwa kuwa mmepanga nyumba yenye jiko umeshawazidi wageni wengi. Anayelala hotelini huingia soko la Kihispania kama aingiavyo makumbusho: hutazama, hupiga picha, hununua kikombe cha matunda yaliyokatwa, akatoka. Wewe unaweza kuingia kama mnunuzi, umeshaamua usiku huo mtakula nini, na hapo watu wa soko lile lile wanakuwa wengine kabisa. Muuzaji ambaye angekupita kwa macho atakuuliza unapika vipi, mko wangapi mezani, unataka la kula leo au la kesho. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayekwenda kununua chakula cha siku chache katika Soko Kuu la Valencia, Mercado Central, ambalo nami hununulia vitu vya jikoni.

Waliokuambia habari za watalii hawakukudanganya, ila waliyaweka masoko yote kapu moja. San Miguel la Madrid, lile jengo la chuma na vioo la mwaka 1916 karibu na Plaza Mayor, lilifunguliwa upya mwaka 2009 kuwa mahali pa kuonja na kunywa. Ukienda pale kutafuta kilo ya vitunguu utarudi mikono mitupu. La Boqueria la Barcelona bado lina wauza samaki wa kweli, lakini liko pembeni mwa Rambla, ile barabara ya matembezi iliyojaa watalii, na vibanda vya mbele vimejaa juisi za rangi. Msongamano ulizidi hadi mwaka 2015 jiji likazuia makundi makubwa ya watalii kuingia Ijumaa na Jumamosi wakati watu wananunua. Valencia nayo ina Mercado de Colón, jengo la kupendeza la mwaka 1916, ila ndani siku hizi ni mikahawa. Kahawa yake nzuri. Kapu liache nyumbani.

Soko Kuu watalii wanalo, tena wengi kuanzia saa nne asubuhi, lakini wenyeji hawajalihama. Utawajua kwa carrito, vile vimkokoteni vya kitambaa vyenye magurudumu mawili ambavyo wazee huvivuta nyuma yao bila huruma kwa vidole vya miguu vya wengine. Kibanda chenye carrito tatu mbele yake ni kibanda cha kununua. Kibanda chenye simu tatu juu, hewani, kipite.

Kwanza siku, maana hapa ndipo wageni wa marathoni wanapokwama. Soko hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Jumapili limefungwa. Marathoni yenu hukimbiwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 6, na tarehe hiyo ni sikukuu ya kitaifa ya Katiba. Tarehe 8, Jumanne mnayoondoka, ni sikukuu nyingine ya kitaifa, ya Bikira Maria. Katikati imebaki Jumatatu, na sikukuu ikiangukia Jumapili baadhi ya majimbo huihamishia Jumatatu, kwa hiyo tazama tangazo la soko kabla ya kuitegemea siku hiyo. Hata likiwa wazi, Jumatatu si siku ya samaki Hispania: mashua nyingi hazitoki mwisho wa wiki, na vibanda kadhaa vya samaki huwa vimefungwa au vinauza vilivyobaki. Kwa hesabu hiyo siku zenu ni Alhamisi mkiwahi, Ijumaa, na Jumamosi asubuhi. Ningekuwa wewe, Ijumaa ndiyo ningeifanya siku kubwa, niwe mlangoni saa mbili au saa mbili na nusu.

Ukifika, usianze kununua. Zunguka kwanza. Jengo lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 8,000, na lilianza kujengwa mwaka 1914 kwa michoro ya wasanifu wawili wa Barcelona, Alexandre Soler i March na Francesc Guàrdia i Vial. Mfalme Alfonso XIII akalifungua mwaka 1928. Tazama juu: kuba la kati lina urefu wa mita 30 hivi, chuma, vioo vya rangi, na vigae vilivyochorwa machungwa na mboga za mashamba ya hapo hapo. Nje, juu ya kuba, kuna chuma cha kuonyesha upepo chenye umbo la kasuku. Wenyeji husema amewekwa pale kwa sababu ya makelele ya umbea yaliyopo chini yake, na ukisimama dakika tano karibu na wauza mayai utakubaliana nao.

Sasa foleni. Hili ndilo ambalo vitabu vya wageni hulipitia haraka, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote. Mbele ya kibanda utaona watu wamesimama ovyo, huyu kulia, yule ameegemea nguzo, wawili wanapiga soga. Unadhani hakuna mpangilio, unajisogeza mbele, na bibi mmoja anakukata jicho. Mpangilio upo vichwani mwao. Anayefika huuliza kwa sauti, "¿Quién es el último?", yaani nani wa mwisho. Mmoja atainua kidole au kujibu "yo". Umkariri uso huyo, kwa sababu wewe ni baada yake, na sasa wewe ndiye wa mwisho. Akija mwingine akauliza, unajibu wewe "yo". Basi. Ukishajisajili hivyo unaweza kwenda hatua mbili tatu kutazama zeituni na kurudi, nafasi yako haiibiwi. Vibanda vingine vyenye wateja wengi vina kimashine cha kutoa karatasi za namba. Angalia kwanza kama kipo. Maneno hayo matatu manne yatakupa heshima kuliko sentensi ndefu za programu ya kutafsiri kwenye simu. Hata ukiyatamka vibaya, watu wanajua huyu amekuja kununua.

La pili: usiguse. Najua kwetu huwezi kununua nyanya bila kuibonyeza, na anayenunua bila kubonyeza anaonekana hana mama. Kule anayechagua ni muuzaji. Hata kwenye supamaketi za Hispania mteja huvaa glavu ya plastiki kabla ya kushika tunda. Unaonyesha kwa kidole, unataja kiasi, na kama ni tunda la kuiva atakuuliza "¿para hoy o para mañana?", la leo au la kesho. Jibu kweli, kwa sababu atakuchagulia kwa jibu hilo. Ukimwambia la kesho ukalikata usiku huo huo, lawama si zake.

Vipimo: "un kilo", "medio kilo", "un cuarto" ambayo ni robo, gramu 250. Utasikia pia "cuarto y mitad", ambayo humchanganya kila mgeni: ni robo pamoja na nusu ya robo, yaani gramu 375. Wenyeji huipenda kwa zeituni na jibini. Kuomba, sema "me pone" kisha kiasi na kitu. Atakuuliza "¿algo más?", unataka kingine? Ukimaliza sema "nada más". Usishtuke akikuita "reina", malkia, au "cariño", kipenzi. Anamwita hivyo kila mtu, hata mimi.

Bei haipatanwi. Iko kwenye kikadi, kwa kilo, na senti zinatanguliwa na alama ya mkato. Ukijaribu kuishusha kama Marikiti, muuzaji hatakasirika, atadhani hukuelewa namba na atakurudia bei ile ile polepole. Nafuu hupatikana kwa njia nyingine. Ukinunua vitu vitatu mahali pamoja, huenda akazikata senti za mwisho. Muuza samaki au muuza mboga, ukimwomba kidogo, mara nyingi atakutilia shada la perejil, majani ya jamii ya dania, bila kulipia. Tena huduma ya kisu ni bure, na hapo ndipo pesa yako inarudi. Vibanda vingi hupokea kadi. Bado beba noti ndogo, kwani kulipia limau mbili kwa noti ya euro 50 ni ufidhuli popote duniani. Mkoba uwe mbele yako. Wezi wa mifukoni nao hupenda msongamano.

Sasa samaki, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa Mwislamu mwenye jiko ndipo soko lilipo. Sehemu ya samaki ina eneo lake, chini ya kuba lake. Kwa kila samaki sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kibao kieleze jina, amevuliwa au amefugwa, na wapi. "Acuicultura" au "de crianza" ni wa kufugwa, "salvaje" ni wa bahari huria, na "descongelado" ni aliyekuwa kwenye barafu akayeyushwa. Huyo wa mwisho si mbaya, ila usimrudishe kwenye friza. Mahali pa kuvuliwa hutajwa kwa kanda za FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa: 37 ni Mediterania, 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki, 34 ni pwani ya Afrika Magharibi. Ukiona 51, ni Bahari ya Hindi ya magharibi, yaani bahari ya kwenu. Na minofu myeupe inayoandikwa "perca del Nilo" ni sangara. Wa Ziwa Victoria, ndugu wa wale wa Mwanza na Kisumu. Hukusafiri hivyo ili ukamnunue yeye.

Dorada na lubina ni samaki wa ukubwa wa sahani, wengi hufugwa, bei yao haitishi na hawana mwiba wa kukusumbua. Merluza ni mnofu mweupe laini, rahisi tumboni, na kwa mtu atakayekimbia kilomita 42 keshokutwa ndiyo ningemchagulia. Ukishachagua, muuzaji atauliza "¿cómo se lo preparo?", nikutayarishie vipi. "Limpia" ni kupaa magamba, kutoa matumbo na matamvua. "En rodajas" ni vipande vya kukata mkingamo. "Abierta" ni kupasuliwa kama kitabu, mwiba nje. Kichwa na mifupa usiviache. Sema "la cabeza para caldo", kichwa cha supu, naye atavifunga kando. Na kama una hamu ya kupika wali wa kwao, uliza "morralla": samaki wadogo wadogo wa mawe, wa bei ya chini, ambao hawaliwi, huchemshwa kwa supu tu.

Kwa huo wali nenda kibanda cha mchele na viungo. Mchele wa Valencia hulimwa kando ya Albufera, ziwa lililo kama kilomita 10 kusini mwa jiji, na ndipo watokako mikunga utakaowaona wakijinyonganyonga hai kwenye vibanda vya samaki. Watakuonyesha aina kadhaa. Senia hunywa ladha vizuri lakini ukisahau dakika mbili unakuwa uji. Bomba ni ghali zaidi na husamehe, kwa hiyo anayeanza anunue bomba. Kadiria gramu 100 kwa mtu, supu ya morralla mara tatu ya ujazo wa mchele, kaanga nyanya iliyokunwa na ngisi aliyekatwa vidogo kwenye mafuta ya zeituni, tia mchele, mimina supu yenye zafarani, na usikoroge tena. Dakika 18 hivi. Usiufunike, usiuguse, na usijaribu kuupikia pilau, maana hauachani punje kwa punje.

Zafarani ina mtego wake. Kwenye rafu ile ile utaona pakiti za unga wa manjano, rahisi mno, zimeandikwa "colorante". Ni rangi tu. Wahispania wenyewe huitumia kila Jumapili bila haya, lakini usiilipie ukidhani umepata zafarani. Ya kweli ni nyuzi nyekundu, huuzwa kwa gramu moja au pungufu, na ile ya mkoa wa La Mancha yenye alama ya asili iliyolindwa huja imefungwa rasmi na namba yake. Gramu moja itakutosha miezi.

Nyama ya nguruwe, basi. Ndiyo, yananing'inia, na ni mengi. Hakuna atakayekulazimisha kuonja, wala hutaonekana wa ajabu kwa kukataa. Waislamu wanaishi Valencia kwa maelfu, na mtaa wa Russafa, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, una maduka ya nyama halali ya Wamoroko. Kuku na sungura wa sokoni ni wazuri ila hawakuchinjwa kwa namna yenu. (Kwa msomaji asiye na kizuizi hicho: kikadi cheusi kwenye paja la ibérico, aina ya nguruwe wa Hispania, ni nguruwe halisi aliyelishwa mbegu za mwaloni, chekundu ni chotara wa lishe hiyo hiyo, kijani na cheupe ni daraja za chini yake. Mengine ni maneno ya muuzaji.)

Hatari yako imejificha pengine. Kwanza, Mhispania ukimwambia "sin carne", bila nyama, anaweza kukuletea mkate wenye vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kwake hicho ni kiungo tu. Taja jina: "sin cerdo, sin jamón". Au useme wazi, "soy musulmana, no como cerdo". Pili, kisu na mashine ya kukatia. Kibanda kinachouza jibini pamoja na soseji hukata vyote palepale. Tafuta kinachouza jibini peke yake, au nunua kipande kilichofungwa kiwandani. Tatu, na hili hasa Desemba, mafuta ya nguruwe kwenye vitafunio. Polvorones na mantecados, zile biskuti za Krismasi zilizofungwa karatasi za rangi, kwa kawaida hutengenezwa kwa "manteca de cerdo". Ensaimada, ule mkate uliozungushwa, vilevile. Pastissets, visambusa vitamu vyenye viazi vitamu ndani, ni fahari ya Valencia msimu huo, ila kinyunga chake mara nyingi kina pombe ya anisi au mafuta hayo hayo. Uliza kabla ya kuuma. Nne, croquetas, vidonge vya kukaanga ambavyo mara nyingi huwa na jamón ndani. Hizo ziache tu.

Nafuu ni kwamba turrón, mfalme wa Krismasi yao, ni lozi, asali, sukari na ute wa yai. Ile ya Jijona ni laini, lozi zimesagwa, ukiionja utadhani ni halua iliyokwenda shule. Ya Alicante ni ngumu, lozi nzima, na imevunja meno ya watu wengi wazito. Tafuta daraja la "suprema": Jijona lazima iwe na angalau asilimia 64 ya lozi, Alicante asilimia 60. Zikiwa na ladha ya chokoleti na vikorombwezo vingine, soma orodha ya vilivyomo.

Mboga na matunda sitakaa sana. Usitoke Mombasa ukanunue embe Valencia. Desemba ni mwezi wa machungwa na machenza, yaliyochumwa kilomita chache tu kutoka hapo, na wa kaki, tunda la rangi ya machungwa lenye utamu mzito, linalokuja kwa aina mbili: la kukata kama tufaha, na la kula kwa kijiko. Usisahau boga. Linauzwa limeshaokwa, limekaukia kwenye sukari yake, na unakatiwa kipande kwa kilo. Pamoja na viazi vitamu vilivyookwa, shemeji amepata wanga wake bila kuwasha jiko. Utaona pia maharagwe mapana meupe, garrofó, na mengine ya kijani bapa, ferraúra. Ndiyo mboga za paella ya wenyewe, ule wali maarufu wa Valencia, ambayo ina kuku na sungura, na haina hata kamba mmoja. Huo wali wenye kamba na kome unaouzwa kwa wageni una historia nyingine, na ukitaka kugombana na mtu wa Valencia mwambie utatia na soseji.

Mboga hizo zina kwao. Valencia imezungukwa na mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji iliyoanza enzi za utawala wa Waislamu, kabla Mfalme Jaume I hajauteka mji mwaka 1238. Hadi leo wakulima wa mifereji minane ya mto Turia wana mahakama yao ya maji, ambayo hukutana kila Alhamisi saa sita mchana nje ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Kesi husikilizwa kwa mdomo, kwa lugha ya Kivalencia, na hukumu hutolewa papo hapo; UNESCO iliiingiza mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi usioshikika. Mara nyingi hakuna mashtaka na yote huisha kwa dakika chache. Mkifika mapema Alhamisi, ni hatua chache kutoka sokoni.

Mkiwa sokoni vukeni barabara moja tu muingie La Lonja de la Seda, jumba la wafanyabiashara wa hariri lililoanza kujengwa mwaka 1482, urithi wa dunia tangu 1996. Nguzo zake zimesokotwa kama kamba za nanga. Ukutani, kuzunguka ukumbi wote, kuna maandishi ya Kilatini yanayomwambia mfanyabiashara kwamba asiyedanganya kwa ulimi wala kukopesha kwa riba atapata mali na uzima wa milele. Utayasoma na kutabasamu.

Kati ya saa tatu na nusu na saa tano mji mzima hula esmorzaret, mlo wa katikati ya asubuhi: mkate mrefu uliojazwa, zeituni, na njugu za maganda. Baa za sokoni na za mitaa ya jirani hujaa. Mikate mingi ina soseji, kwa hiyo agiza wa "tortilla de patatas", mayai na viazi, au wa "sepia", ngisi wa kuchoma. Kahawa ya kumalizia iitwayo cremaet ina ramu iliyowashwa moto. Harufu yake nzuri isikuponze. Kinywaji chako ni horchata. Hutokana na chufa, vijiazi vya mmea wa jamii ya ndago, vinavyolimwa Alboraia na vijiji vya jirani kaskazini mwa jiji, husagwa na maji na sukari. Hunywewa baridi, ikisindikizwa na fartons, vimkate virefu vitamu. Hivyo navyo uliza mafuta yake. Horchata shemeji asiionje kabla ya Jumapili. Wala kome, wala chaza, wala chochote ambacho tumbo lake halijakizoea. Nimeona watu waliojiandaa miezi mingi wakamaliza mbio zao msalani kwa sababu ya sahani moja ya Jumamosi.

Kwa mpango wa jiko: Alhamisi merluza na boga. Ijumaa ule wali wa supu ya samaki, ambao ni wanga mtupu na hauna uzito. Jumamosi wali mweupe au tambi, kuku wa Russafa, machungwa. Jumapili jioni mtoke mle nje, hakuna mtu atakayekuwa na nguvu za kupika.

Na vya kurudi navyo. Chukua zafarani, mchele wa bomba uliofungwa kiwandani, turrón, na kopo la pimentón de la Vera, unga wa pilipili hoho zilizokaushwa kwa moshi wa mwaloni. "Dulce" haiwashi, "picante" inawasha kidogo, kwa Mombasa si kitu. Mafuta ya zeituni yaende kwenye begi la chini, yamefungwa mara mbili. Horchata haisafiri, inaharibika. Na hizo chufa kavu zitafunwe huko huko. Machungwa na matunda mabichi yaache, kwa kuwa mazao mabichi ya mimea kuingia Kenya yanataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, na kunyang'anywa kaki uwanja wa ndege si mwisho mwema wa safari. Jibini nalo lina masharti yake, kwa hiyo likule huko huko. Haya yote yanunuliwe Jumamosi kabla ya saa nne, shemeji akiwa amelala miguu juu, maana baada ya siku hiyo usiitegemee milango ile mpaka mtakapokuwa mmeshapanda ndege.